Saa ya Baba "Iliyokosea" kwa Saa Sita

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nina mke na mtoto mmoja wa darasa la tano. Tunaishi Mbagala lakini kwetu ni Pangani. Baba yangu alifariki mwaka jana. Alikuwa fundi cherehani, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa pia muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Arobaini ilipopita, mama aliniita chumbani akanikabidhi saa ya marehemu ya mkononi, Seiko 5 ya chuma, yenye kijidirisha cha siku na tarehe, siku zimeandikwa Kiarabu. Mjomba ndiye aliyemletea kutoka Muscat mwaka 1986, mimi sijazaliwa. Sikuwahi kumwona baba bila saa hiyo isipokuwa anapotia udhu.

Sasa sikiliza mkasa wenyewe. Tangu baba alipoanza kuugua, saa ilikaa kabatini ikasimama. Nilipoivaa ikaanza kutembea yenyewe, ila kila siku inabaki nyuma dakika kumi, siku nyingine robo saa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, wale wanaokaa barazani na kisanduku cha kioo. Akaifungua, akaichungulia kwa ile lenzi ya jichoni, akasema mafuta yamekauka, lazima ifumuliwe yote ioshwe, 85,000. Akanipa na njia ya pili: aing'oe mashine nzima aweke ya betri, 25,000, "na kwa nje hakuna atakayejua." Siku hiyo sikuwa na hela. Akaifunga, akaniwekea majira vizuri, akanirudishia.

Wiki iliyofuata nikaenda Pangani. Mama akanishika mkono kunisalimia, akaitazama saa, akasema, "Hii siyo saa ya baba yako. Akrabu umezipeleka wapi?" Akrabu ndiyo mishale ya saa. Ndipo nilipokumbuka. Saa ya baba ilikuwa inasoma Kiswahili. Ikiwa saa moja asubuhi, mshale mfupi ulikuwa kwenye moja, siyo kwenye saba. Tulipokuwa wadogo tulijua saa zote ziko hivyo. Nilipoiona ya ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu nilidhani hiyo ndiyo mbovu. Yule fundi aliona imekosewa akaisawazisha, na mimi sikugundua mpaka mama aliposema. Mama hakuongeza neno, lakini siku ile hakula vizuri.

Mke wangu ananiambia, "Simu inakupa saa, tarehe, mvua ya kesho na salio lako. Hiyo uliyovaa ni bangili." Anasema kwa hela hiyo mtoto angepata viatu vya shule. Hajui kwamba nimeshaweka pembeni 60,000. Kaka yangu aliyeko Muscat amenitumia saa janja, inapima mapigo ya moyo na kuhesabu hatua, na anasema ile ya baba niiuze, wapo wanaotafuta za zamani, au nimpelekee yeye akaitengeneze hukohuko. Dada zetu wawili hawajasema kitu. Mtoto naye hajui kabisa kusoma saa ya mishale, akitaka kujua saa anabonyeza simu ya mama yake.

Ninachouliza ni hiki. Zama hizi saa ya mkononi ina kazi gani, au najifariji tu? Niweke mashine ya betri yaishe? Na nikiitengeneza, niiache isome kama saa za watu wote, au niirudishe alivyoiweka baba nionekane mshamba kazini? Niko stoo ya kampuni ya usafirishaji, makaratasi yote ni saa za Kizungu.

Mtoto wa Fundi Cherehani, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mungu amrehemu mzee na ampe kauli thabiti.

Kabla sijakujibu ujue unamuuliza mtu mwenye upande. Mimi nilikuwa mkunga, na saa yangu sikuivaa mkononi, niliibana kifuani kwa pini, imening'inia kichwa chini ili nikiinama niisome sawasawa. Mtoto akitoka tumboni, mkunga anampa alama dakika ya kwanza na tena dakika ya tano: rangi, mapigo, pumzi, ulegevu, anavyoitika ukimgusa. Ni utaratibu uliobuniwa na daktari wa Kimarekani, Virginia Apgar, mwaka 1952, na mpaka leo haujapata mbadala. Sasa nieleze, nina glavu mbili zenye damu, mama analia, mtoto hajalia, simu niitoe mfukoni kwa mkono gani? Niibonyeze kwa kidole gani? Mshale wa sekunde ulikuwa pale kifuani, nilihitaji jicho tu.

Kwa hiyo kazi ya saa ipo, na ipo kwa mtu ambaye mikono yake ina shughuli. Ndivyo saa ilivyohamia mkononi tangu mwanzo. Wanaume wa Ulaya walikuwa wakibeba saa ya mfukoni yenye mnyororo, na ile ya kufunga mkononi waliiona pambo la wanawake. Vita vya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyowabadilisha. Askari akiwa ndani ya handaki, bunduki huku, ramani kule, hana mkono wa tatu wa kuchomoa saa mfukoni, na shambulio limepangwa kwa dakika. Waliorudi wakarudi nazo mikononi, na tangu hapo hakuna aliyewacheka. Leo sote tumerudi kwenye saa ya mfukoni, ila hii ya sasa ina WhatsApp ndani.

Na hiyo WhatsApp ndiyo shida yake. Ukitazama mkono umejua saa basi. Ukitazama simu umejua saa, umejua nani kakuandikia, umejibu, umeona picha ya harusi ya mtu usiyemjua, ukirudisha simu mfukoni umeshasahau ilikuwa saa ngapi. Nimekaa kwenye misiba nikaona vijana wanaichungulia simu mapajani, pengine kweli wanatazama saa tu, lakini mfiwa hawezi kujua. Anachoona ni mtu anayechati mbele ya jeneza.

Pamoja na hayo, mkeo hajakosea. Ukitaka kujua tu kwamba sasa ni saa ngapi, simu inaishinda saa ya mzee wako mchana kweupe. Simu hupokea majira kutoka kwenye mtandao na kujisahihisha yenyewe. Seiko ya aina yako hata ikiwa nzima kabisa inaweza kupotea nusu dakika kwa siku na bado ikahesabiwa haina kosa. Usiende kubishana naye kwa hoja hiyo, atakushinda, na atakuwa na haki.

Wewe huna ubishi wa saa na simu. Una mambo mengine mawili umeyafunga kitambaa kimoja: mashine ya ndani, na majira aliyoweka baba.

Tuanze na mashine. Unasema saa ilisimama kabatini na ulipoivaa ikaanza kutembea. Sijui kama umelitafakari hilo. Seiko 5 nyingi za miaka ile hazitiwi ufunguo. Ndani mna kipande cha chuma kama nusu mwezi, kinayumba kila mkono unapoyumba, na huko kuyumba ndiko kunakokaza springi. Ikivuliwa inaishi kama saa 40, kisha inasimama. Kwa hiyo miaka yote ile alipokuwa akikanyaga cherehani, akikata kitambaa, akiinua mikono masikioni kuadhini, alikuwa anaijaza. Alipolala hajiwezi, nayo ikalala. Ilikuwa nzima, ilikosa mkono tu. Kuchelewa kwake sasa ni mafuta kweli, hapo fundi wako kasema sawa. Mafuta ya saa yakikaa miaka mingi huganda, magurudumu yakawa yanakwenda kwa taabu.

Ukiweka ya betri, itatembea hata ukiisahau juu ya friji. Itakuwa sahihi zaidi pia. Ila mkono wako hautakuwa na kazi tena humo ndani, na kilichobaki cha baba yako kitakuwa ganda na kioo. Fundi hakutaka kukudanganya, kakupa bei mbili za vitu viwili. Lakini lile neno lake, "kwa nje hakuna atakayejua," mimi lilinikaa vibaya. Wewe utajua. Na mama yako, aliyegundua mishale imehama kabla hujakaa kitako, unadhani hatasikia kwamba mshale wa sekunde umeanza kudunda tik, tik, tik badala ya kuteleza?

Hapa kuna kichekesho, acha nikupe. Kampuni iliyotaka kuzizika saa kama ya baba yako ni hiyohiyo iliyoitengeneza. Tarehe 25 Desemba 1969, kule Tokyo, Seiko ilitoa saa ya kwanza ya mkononi inayoendeshwa kwa betri na kipande cha kioo cha kwatzi, ikaitwa Astron. Bei yake ilikuwa yen 450,000, ilikaribia bei ya Toyota Corolla. Kioo hicho, katika saa zilizofuata mpaka hizi za elfu tano pale Kariakoo, hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja, na mshale wa saa ya baba yako husogea mara sita hivi tu. Ushindani wa wapi tena! Uswisi wenyewe, mabingwa wa saa, walikuwa na wafanyakazi kama 90,000 katika viwanda hivyo mwaka 1970, na baada ya miaka kumi na tano hivi walibaki karibu theluthi moja. Watu wakasema saa za springi zimekwisha. Mwaka 1986, mazishi yameshafanyika, mjomba wako akaingia dukani Muscat akanunua ya springi, na Seiko bado walikuwa wanaziuza. Wanaziuza mpaka leo. Kwa hiyo anayekuambia simu imeiua saa ya mkononi, mwambie hii imeshazikwa mara moja.

Sasa majira. Barua yako niliisoma mara mbili kwa sababu ya hapa.

Fundi aliona saa imekosewa kwa saa sita. Haikukosewa. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, Wazungu wanaanza katikati ya usiku, basi. Kwetu hapa pwani, karibu na ikweta, jua halina vituko. Mwaka mzima linachomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili, ndiyo maana hesabu yetu inasimama bila kutetereka. Kaka yako Muscat hawezi kuitumia vizuri, kule wakati wa baridi jua linazama mapema kuliko kwetu na wakati wa joto linachelewa sana. Zamani Waarabu walilitatua kwa kuziweka upya saa zao kila jua linapotua, inakuwa kumi na mbili kamili, kesho tena hivyohivyo. Sisi hatukuhitaji taabu hiyo. Wahabeshi nao huhesabu kama sisi, kwa hiyo hatuko wenyewe.

Baba yako alikuwa muadhini. Mtu wa jua. Saa yake ilikuwa inasema anachosema mdomo wake. Wewe na mimi tunafanya kituko ambacho tumeshakizoea. Tunatazama 7:00 kwenye simu, mdomo unasema saa moja. Hata ukiiweka simu lugha ya Kiswahili, maneno yatabadilika, tarakimu zitabaki zilezile, na kichwa chako kitaendelea kutoa sita au kuongeza sita kutwa nzima. Kwa mtu aliyekwishajua si mzigo, lakini nimewaona watu wazima wakikosa ndege kwa ajili yake. Tiketi imeandikwa 02:00, mtu kafika uwanjani saa mbili asubuhi na mabegi yake, ndege imeondoka tangu saa nane usiku.

Saa ya mishale ina siri ambayo simu haina. Namba unayotaka iko ng'ambo ya pili. Mshale mfupi ukiwa kwenye saba, pitisha mstari katikati ya uso wa saa mpaka upande wa pili, utaikuta moja. Mbili inatazamana na nane, tatu na tisa, kumi na mbili na sita. Dakika haziguswi, ni zilezile. Huhitaji kutoa wala kujumlisha, unahitaji jicho. Kwa hiyo ukiivaa alivyoiweka baba, stoo watakapokuuliza makaratasi yasomeke saa ngapi, utatazama ng'ambo. Na hakuna mtu kazini atakayekodolea mkono wako kujua mshale uko wapi. Watu hutazama kama saa inang'aa. Mshamba ni nani hapo? Mimi naona anayesema saa moja na kuonyesha saba ndiye mwenye kazi ya kujieleza.

Mtoto wako wa darasa la tano hiyo ni kazi ya jioni moja. Kaa naye barazani, mpe saa, mwambie atafute ng'ambo. Watoto wanapenda vitu vyenye siri.

Lakini kuna jambo ambalo nadhani wewe hulijui, na fundi hakulifikiria. Saa yako ina tarehe. Tarehe huruka mara moja kila baada ya saa 24, mishale miwili inapokutana kwenye kumi na mbili. Katika saa iliyowekwa Kizungu inaruka saa sita usiku, umelala, huoni. Katika saa iliyowekwa Kiswahili, mishale hukutana kwenye kumi na mbili alfajiri na kukutana tena kwenye kumi na mbili magharibi, na tarehe itaruka katika mojawapo ya hizo, kutegemea aliyeiweka aliamua nini. Ukiiruhusu iruke asubuhi, siku inaanza kunapokucha. Ukiiruhusu iruke jioni, siku inaanza jua likizama, kama ilivyo kwa Waislamu, na kama wazee wa pwani wanavyosema mpaka leo. Kwao usiku wa Ijumaa ndio ule ambao simu yako inauita Alhamisi.

Mimi jambo hilo lilinisumbua kazini miaka yote. Mtoto kazaliwa saa tatu usiku, daftari langu linaandika Alhamisi, 21:00. Mama yake na bibi yake wanasema kazaliwa usiku wa Ijumaa. Kadi ya kliniki inasema Alhamisi, mtoto ameitwa Mwanajuma, na wote wamesema kweli. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Baadaye nikaacha.

Haya, pesa. Umeweka 60,000 pembeni bila mkeo kujua, na hilo lina ubaya kuliko 85,000 yenyewe. Leo hii akikuita mvaa bangili anakutania. Akiijua hiyo akiba utani utakwisha. Mwambie usiku huu. Mwambie pia viatu vya mtoto vinatangulia, kisha ununue kweli. Saa iliyokaa mwaka mzima inaweza kungoja miezi mitatu mingine. Mradi ikingoja usiivae kila siku, mafuta yakiwa makavu vyuma vinasagana. Ivue, ikae sehemu kavu. Muda huo uutumie kuwauliza mafundi wengine wawili watatu bei. Muulize kila mmoja kama ataifumua na kuiosha, au ataidondoshea mafuta juu juu tu. Wa kudondoshea atakutajia bei nzuri sana, na mwakani utamrudia.

Halafu niulize mimi sasa. Hiyo saa umepewa, au umekabidhiwa? Mama yako kakuita chumbani kakupa, sawa, lakini mali ya marehemu hata ikiwa kijiko ni ya warithi wote mpaka igawanywe. Mama yako ana thumuni yake, yaani sehemu moja kati ya nane, na kilichobaki ni chenu watoto, nyinyi wanaume na hao dada wawili ambao umewataja kwa mstari mmoja tu, "hawajasema kitu." Umewauliza? Mwanamke wa Kiswahili kunyamaza mbele ya kaka zake si kukubali. Piga simu kwa kila mmoja peke yake, usiwakusanye kwenye kundi la WhatsApp ambako kaka wa Muscat ndiye anayezungumza wa kwanza. Pengine watasema chukua kwa moyo mmoja. Pengine mmoja wao alikuwa akimvua baba saa hiyo na kumvisha siku zake za mwisho. Ukishapata ridhaa yao, na ya kaka pia, saa inakuwa yako, na neno la kuuza linakufa hapohapo. Kaka usimkasirikie. Yuko mbali, kazi yake ni kutuma vitu. Saa janja yake ivae kazini ikuhesabie hatua, usiku uichaji, mwambie asante.

Siku utakapoitoa kwa fundi, mwombe asiguse majira, utayaweka mwenyewe. Kaa nayo asubuhi, saa tano hivi. Usibadilishe tarehe kwa kifungo wakati mishale inakaribia kuirusha au imetoka tu kuirusha, kwa sababu gia za tarehe huanza kushikana saa kadhaa kabla ya kuruka na huchelewa kuachana, ukilazimisha wakati huo unaweza kuvunja jino. Vuta kile kifungo cha pembeni, peleka mishale mbele taratibu mpaka uone tarehe imeruka. Hiyo ndiyo kumi na mbili ya kweli ya mashine. Kama baba aliiweka iruke alfajiri, endelea moja kwa moja mpaka mshale mfupi ufike kwenye tano, sukuma kifungo ndani, umemaliza. Kama ilikuwa inaruka magharibi, endelea mpaka uvuke kumi na mbili mara moja zaidi bila tarehe kucheza, ndipo usimame kwenye tano.

Ipi kati ya hizo mbili, mashine haiwezi kukuambia tena, fundi aliifuta alipoisawazisha. Mimi nina dhana yangu kuhusu muadhini, lakini dhana si habari. Mpigie mama yako. Usianze na saa, muulize kwanza kama amekula. Kisha muulize kama anakumbuka, jioni baba alipokuwa anajiandaa kwenda kuadhini magharibi, alikuwa akitazama nini kwenye kile kijidirisha.